Siku Kumi na Moja Kabla ya Mechi

Kaloleni, Kisumu
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwako Mama Becky,

Jina langu hulijui, lakini sura yangu labda unaikumbuka. Mimi ndiye mwanamke wa buibui la kijivu aliyekuja wodini Jumapili na chupa ya uji. Mumeo alinizuia mlangoni. Aliniuliza, "Wewe ndio mama ya yule msichana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi rudi kwako." Nikarudi. Sikumlaumu, wala simlaumu leo.

Naitwa Habiba. Binti yangu ni Ruqayya, yule mwenye jezi namba tano na kitambaa cheusi kichwani, aliyemwangusha Becky wako Jumamosi kwenye ile fainali ya raga ya shule zetu. Nimekupigia simu mara nne, ya tano nikaambiwa mteja hapatikani. Mama Odongo anayeuza dagaa wa omena mbele ya stoo yako ya viazi pale soko la Kibuye ni mteja wangu, namshonea nguo mwaka wa sita sasa. Amekubali kukuletea karatasi hii. Nimemwambia ni habari ya kitambaa. Sidhani ameniamini.

Mama Becky, nilikuwa pale. Nilisimama karibu na mstari kabisa. Becky alikuwa na mpira anakimbia, wangu akamjia kwa ubavu, wakaanguka wote wawili. Refa hakupuliza filimbi. Becky akainuka mwenyewe, akajipangusa magoti, hata akacheka na mwenzake. Mpira ukaendelea. Ni baadaye ndipo nilipomwona ameketi chini ameshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akatapika, kisha akalala. Nimeyapitia hayo akilini hadi sijui tena nilichokiona na ninachokiwazia. Je, ni wangu aliyemshika juu mno? Ni wako aliyeinama? Sijui. Nataka ujue kwamba sijui, maana watu watakuja kwako na hakika nyingi.

Ruqayya ana miaka kumi na sita. Tangu Jumamosi anauliza neno moja tu: "Ameamka?" Nakuomba unisaidie hilo tu. Ameamka?

Pole, dada yangu. Neno lenyewe dogo, nalijua.

Habiba Salim


Nyamasaria
20 Juni 2025

Mama Ruqayya,

Becky alifunguliwa kichwa Jumamosi jioni. Walitoa damu. Ameamka jana. Hajui mimi ni nani. Aliniita "sista," kama nesi.

Wako anatembea na anauliza maswali. Shukuru Mungu wako.

Baba Becky amepeleka malalamiko kwa kamati ya michezo ya shule za Kisumu. Anasema msichana wako alimshika mtoto shingo. Kwa hivyo si vizuri mimi na wewe tuandikiane. Usitume kitu kingine kwa Mama Odongo.

Lorna, Mama Becky


Kaloleni
Jumatano, 2 Julai 2025

Kwako Mama Becky,

Uliniambia nisiandike. Nimejizuia siku kumi na mbili, na wanaonijua watakwambia hiyo ni rekodi.

Barua ya kamati imefika. Tunatakiwa Ijumaa ya tarehe 18. Wakimkuta na kosa la kucheza vibaya kwa makusudi, atafungiwa michezo yote mpaka amalize shule, na jambo hilo litaandikwa kwenye faili lake. Sikuandikii kukuomba umwambie mumeo aondoe malalamiko. Mtoto wake yuko kitandani, afanye anachoona ni haki. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia ninayotaka kusema, na wewe angalau utaelewa hata kama utanichukia.

Baba yake Ruqayya hakujua kama anacheza raga. Salim ni fundi wa injini za boti kule Dunga, anatoka alfajiri na kurudi magharibi akinuka petroli. Mimi nilimwambia mtoto anacheza netiboli. Mwaka mzima na nusu! Zile suruali ndefu za kubana nilimshonea mwenyewe, nikamwambia baba yake ni za mazoezi. Alijua ukweli barua ya kamati ilipofika, akaisoma amesimama mlangoni na viatu mguuni.

Hakupiga kelele. Alisema, "Netiboli." Akasema tena, "Netiboli, Habiba." Mpaka leo ananijibu kwa neno mojamoja.

Lakini ngoja nikwambie kwa nini nilificha. Ruqayya akiwa Darasa la Saba alifukuzwa shule mara mbili kwa kupigana. Mara ya pili alimvunja mvulana jino. Nilikuwa nikisikia simu inalia, navaa viatu niende shuleni. Kisha mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Dalmas, akamwingiza raga, na Mama Becky, yule mtoto akatulia. Akawa anarudi nyumbani amechoka, anakula, anasoma, analala. Hakumpiga mtu tena. Nilipima: huku mpira unaoweza kumvunja mkono, kule hasira inayoweza kumvunja maisha. Nilidhani nimepima vizuri.

Sasa hacheki wala hali chakula. Chumbani anafunga pazia mchana kutwa. Nikiwasha cherehani anatoka nje ameziba masikio. Juzi baba yake amemchukua Dunga awe anashinda naye pale, anasema afadhali amwone kwa macho. Mama Ikhlas, dada yangu, ni nesi Kombewa. Nilipompigia simu alisema ni majuto, yatapita. Nami naona hivyo. Majuto yanamla mwanangu kama mchwa.

Niambie tu Becky anaendeleaje. Nikimwambia habari njema moja, hata ndogo, atakula.

Habiba


Nyamasaria
9 Julai 2025

Mama Ruqayya,

Mwambie Ruqayya kwamba Becky sasa ananijua. Jana alikula ugali na mayai, akaomba chumvi. Mwambie leo kabla hujasoma mbele.

Sasa soma hii ukiwa peke yako.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nauza viazi, viazi havihitaji maneno. Nitasema kama ilivyokuwa.

Jumanne tarehe 3 Juni, siku kumi na moja kabla ya mechi, Becky alirudi kutoka mazoezini akaniambia amegongwa na goti la mwenzake, hapa juu ya sikio. Aliniomba nizime taa ya jikoni. Alimimina chai, ikapita kando ya kikombe, na yeye akaendelea kumimina. Niliona. Nikamwambia, "Kesho twende hospitali." Akanishika mikono yote miwili. "Mum, tafadhali. Wakinipeleka hospitali watanitoa kwa timu. Na usiambie Dad."

Hiram, baba yake, hakuwahi kutaka acheze. Tulibishana miezi. Yeye alisema raga itamuumiza mtoto, mimi nikasema anataka kumfungia kama kuku. Nilishinda ule ubishi. Becky akacheza, na kila akirudi mzima nilikuwa namtazama Hiram, kama kumwambia, unaona? Kwa hivyo siku ile nikimwambia mtoto ameumia kichwa, yeye ndiye ameshinda.

Nikampa Panadol. Siku mbili hakwenda shule, nikamwambia Hiram ni malaria.

Jumatatu iliyofuata ililetwa fomu ya mzazi ya mechi. Kuna mahali wanauliza kama mtoto ameumia kichwa mwezi huo. Nikaandika hapana. Nikatia sahihi.

Jumamosi kule hospitali daktari akauliza swali lilelile. Hiram alikuwa amesimama kando yangu. Nikasema hapana. Wakapiga picha ya kichwa, daktari akarudi, akaniita kando. "Mama, hapa naona damu ya aina mbili. Moja ni ya leo. Nyingine si ya leo." Nikamwambia labda alianguka bafuni sikujua. Aliniangalia tu.

Msichana wako hakumshika shingo. Mimi pia nilikuwa uwanjani. Becky aliinama. Alikuwa anacheza kama mtu aliyelewa tangu mwanzo, niliona, nikajiambia ni woga wa fainali.

Nilikuwa nimeamua kukaa kimya hadi tarehe 18 ipite. Halafu ukaandika kwamba mtoto wako hali chakula.

Lorna


Kaloleni
Alhamisi, 10 Julai 2025

Mama Becky,

Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana.

Siku ishirini na sita. Hizo ndizo siku ambazo mwanangu ameamka akijiita muuaji. Alilitumia neno hilo, muuaji, akiwa anachambua samaki kule Dunga. Na wewe ulikuwa unajua. Uliniandikia "shukuru Mungu wako" ukijua. Nilimwonea haya mumeo pale mlangoni, nikarudi na uji wangu, na wewe ulikuwa ndani unajua.

Nilimpa Salim aisome barua yako. Alimaliza, akaikunja, akasema maneno mengi kuliko ya wiki mbili zote: "Hii ndiyo itamwokoa mtoto. Tarehe 18 naibeba." Nilimwomba anirudishie. Akaniuliza kama nina wazimu. Huenda ninao. Mwishowe akaiweka mkononi mwangu.

Barua yako imo humu ndani ya bahasha. Nakurudishia. Sikuipiga picha, wala Salim hakuipiga, nimemwapisha. Ukitaka ichome.

Usifikiri ni huruma. Leo sina huruma na wewe. Lakini nikiwapa kamati karatasi yako, Ruqayya atatolewa lawama na karatasi, na wewe utakuwa umeumbuliwa, na mumeo atalisikia jambo hili kutoka kwa wageni. Mimi nataka mwanangu akusikie wewe. Nataka aone mtu mzima anasimama na kusema. Mimi mwenyewe sikumwonyesha hilo, nilimfundisha kusema netiboli.

Tarehe 18 Salim ndiye atakayempeleka. Amesema mimi nikae nyumbani, nimeshasema uongo wa kutosha kwa niaba ya familia.

Basi. Ni juu yako.

Habiba


Nyamasaria
19 Julai 2025

Mama Ruqayya,

Labda Baba Ruqayya amekusimulia. Labda hakusimulia, naona si msemaji. Nitakwambia.

Ilikuwa chumba cha walimu. Meza ndefu, watu watatu, mwenyekiti anaitwa Mwalimu Joram. Hiram alikuwa na faili. Ruqayya alikaa na baba yake upande wa dirisha, mgongo ameupa mwangaza. Hiram akasoma malalamiko yake. Alisoma vizuri, alikuwa amejizoeza. Mwalimu Joram akamuuliza msichana, "Una la kusema?" Akasema, "Nilimwangusha." Basi. Hakujitetea hata kidogo.

Nikasimama. Barua yangu uliyonirudishia ilikuwa kwa mkoba, sikuitoa. Nikasema, "Mtoto alikuwa ameumia kabla. Mimi nilijua. Nilidanganya kwa fomu na nilidanganya daktari." Mwenyekiti akasema, "Mama, kaa kwanza utulie." Nikamwambia nikikaa sitamaliza. Nikayasema yote, hata ya malaria.

Hiram hakunitazama. Alifunga faili, akafunga na ile kamba yake vizuri, akatoka. Nikasikia gari inawashwa.

Kamati walitoka dakika chache wakarudi. Malalamiko yametupwa. Msichana wako hana kosa. Mwalimu Joram alisema atapendekeza kila mtoto apimwe na daktari kabla ya kucheza, wasitegemee sahihi ya mzazi peke yake. Alisema hivyo bila kuniangalia, lakini kila mtu alijua ni mimi.

Nje Ruqayya alinifuata. Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa tayari. Akaniuliza, "Naweza kumwona?" Nikamwambia bado, Baba Becky hatakubali. Akaitikia tu. Kisha Baba Ruqayya akasema, "Mama, unaelekea wapi?" Nikasema Nyamasaria. Walinipeleka mpaka kwangu katika pikapu yenye injini mbili za boti nyuma. Nikishuka akasema, "Asante kwa kusema." Sikustahili hiyo asante na nikamwambia.

Hiram hajahama. Hajaongea pia. Becky tumerudi naye nyumbani Jumatatu iliyopita, na kusoma bado hawezi, herufi zinamkimbia. Kila jioni Hiram anavuta kiti karibu na kitanda anamsomea gazeti, hata matangazo ya vifo. Mimi nasikilizia jikoni. Nikiingia ananyamaza mpaka nitoke.

Lorna


Kaloleni
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kwako Mama Becky,

Ni karibu mwezi sasa tangu uniandikie, na sikukujibu. Si kwa hasira. Hasira iliisha, hata sijui iliishia wapi. Na nimeona Ruqayya anavyorudi kutoka kwenu tangu mumeo alipomruhusu, ananiambia Becky anamwibia karata. "Ma, ana mshono kichwani na bado anaiba." Mara ya kwanza tangu ile mechi nimemsikia akicheka.

Nakuandikia kwa sababu ya fomu.

Kuna klabu ya raga ya wasichana hapa mjini, wana mashindano Oktoba. Mwalimu Dalmas ameleta fomu. Ruqayya aliiweka juu ya cherehani yangu, akaenda zake. Nikaisoma. Lile swali lako limo, kama mtoto amewahi kuumia kichwa. Nilichukua kalamu niandike hapana. Wallahi kalamu ilikuwa tayari mkononi! Mama Becky, baada ya yote hayo, mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Nikaiweka chini, nikamwita. "Ruqayya, kichwa chako kimewahi kugongwa?"

Akaokota uzi sakafuni. Nikamuuliza tena.

"Mara mbili."

"Lini?"

"Moja mwaka jana, kidogo tu." Kisha akaangalia chini. "Nyingine ni siku ile. Na Becky."

Kumbe walipoanguka vichwa vyao viligongana, na wangu pia aliumia. Lile pazia alilofunga mchana kutwa, ni mwanga ulikuwa unamchoma macho. Kelele za cherehani zilikuwa zinampasua. Chakula kilikuwa kinamtapisha. Wiki nne nzima! Nami nilikuwa natembea huku na huko nikisema ni majuto, ni majuto, nikakuandikia hata wewe kwamba majuto yanamla kama mchwa. Majuto yalikuwepo. Lakini na kichwa kilikuwa kinauma.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Becky alifunguliwa kichwa, Ma. Mimi ningesemaje kichwa kinaniuma?"

Siku ya pili nilimpeleka Kombewa kwa dada yangu, akaonwa na daktari pale. Alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari, akamfanya ahesabu kurudi nyuma. Akasema sasa yuko sawa, dalili ziliisha katikati ya Julai, tumshukuru Mungu hakugongwa tena katika wakati ule. Nikamuuliza, "Daktari, acheze au asicheze?" Akasema, "Kwa leo sioni sababu ya kumkataza. Lakini mama, kila kipigo kinafanya kinachofuata kiwe kibaya zaidi. Mwenye kuamua ni nyinyi." Watu wote ninaowauliza wananirudishia swali langu mwenyewe.

Salim je? Nilifikiri atasema hapana na yaishe. Alikuwa anasafisha mafuta mikononi na mchanga. Akasema, "Mimi nilikasirikia uongo, sikukasirikia mpira." Nikamwambia basi niambie unaonaje. Akasema, "Hizi injini ninazozitengeneza, kila mwaka boti moja haina budi kupinduka. Wavuvi wanajua. Wanakuja tu asubuhi." Nikamuuliza hiyo maana yake ndiyo au hapana. Akaniangalia. "Hata mimi sijui, Habiba."

Mtoto mwenyewe anazunguka nyumba. Jana amempigia kelele jirani kwa sababu ya ndoo. Namwona yule wa Darasa la Saba anarudi.

Sasa nakuuliza wewe. Najua ni swali la kikatili. Lakini wewe ndiye mama pekee ninayemjua aliyefika mwisho wa njia hii. Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Habiba


Nyamasaria
21 Agosti 2025

Mama Ruqayya,

Swali lako nilitembea nalo siku tano. Nimewauzia watu viazi vibovu kwa sababu yake.

Kwanza ujue Becky yukoje, usije ukaamua kwa hadithi za karata. Anasahau maneno. Kijiko anakiita "ile ya kukoroga." Ananikasirikia mpaka anatupa vitu. Shule atarudia kidato, kama atarudi. Daktari amesema raga basi, maisha yake yote. Alipoambiwa hakulia. Alilia siku nyingine kabisa, kwa sababu soksi zilikuwa za rangi mbili.

Lakini pia ujue hili. Nilimuuliza, "Kama ningekukataza tangu mwanzo, kama Dad alivyotaka, ungekuwa mzima leo. Ungenishukuru?" Akafikiria sana, anafikiria polepole siku hizi. Akasema, "Ningekuchukia. Ningekuwa mzima na nakuchukia." Sasa unaona mtu akipewa jibu kama hilo ataliweka wapi?

Nilimwambia kuhusu fomu. Amesema nikuandikie hivi: Ruqayya asiache kwa ajili yake, na asicheze kwa ajili yake.

Hiram ameongea. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Alisema, "Lorna, si kwamba ulimruhusu. Ni kwamba uliona, ukaangalia pembeni ili nisiwe sahihi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi ningekuwa nimekucheka. Ungeniambia ameumia, ningecheka, ningesema nilikwambia." Tukakaa hapo ndani ya gari mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuuliza kama kuna shida.

Umeniuliza ningefanyaje. Sitakwambia acheze. Sitakwambia asicheze. Sioni raga ndiyo ilimfunga Becky kwenye kile kitanda, wala siwezi kuitetea. Nitakwambia kitu kimoja nilichopoteza, na hicho kitafute wewe kabla hujatia sahihi. Becky aliogopa kuniambia kichwa bado kinauma siku ya nne, kwa sababu siku ya kwanza alishaona mimi nataka aseme kimepona. Uso wangu ndio ulimnyamazisha. Angalia uso wako, Mama Ruqayya. Angalia na ule wa mumeo.

Ukimruhusu, uniandikie ilivyokuwa. Mimi sitakuja uwanjani. Siwezi.

Lorna


Kisumu, hospitalini
Jumamosi, 4 Oktoba 2025, saa kumi alasiri

Kwako Mama Becky,

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya ratiba ya mashindano, nimeiweka juu ya goti, benchi linatikisika kwa sababu mzee aliye kando yangu hatulii, na mimi pia situlii. Ulisema nikuandikie ilivyokuwa. Bado haijaisha, lakini nisipoandika nitaingia chumba cha daktari bila kuitwa.

Tulimruhusu. Nilitia sahihi mimi, Salim akatia yake chini ya yangu, na pale pa kuumia kichwa Ruqayya aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, mara mbili na tarehe zote. Kocha wa klabu aliisoma akatupigia simu kuuliza maswali. Nilifurahi kwamba aliuliza. Wiki tano amefanya mazoezi, na kila jioni nilimuuliza "kichwa?" mpaka akaanza kunijibu kabla sijauliza.

Leo mechi ya kwanza alicheza vizuri sana, Mama Becky, siwezi kukudanganya. Alifunga. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Salim, ambaye hajawahi kuona mchezo huu, alikuwa ananiuliza, "Kwa nini wanarusha nyuma? Kwa nini hawarushi mbele?"

Mechi ya pili, wako sawa kwa pointi, zimebaki dakika mbili hivi, akamwangusha msichana mkubwa wa timu ile nyingine. Alimwangusha chini kabisa, kwenye miguu, kama anavyofundishwa. Goti la yule likampata kichwani. Hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe sikuona, nilikuwa natazama mpira. Ruqayya akainuka. Akakimbia hatua tatu, nne. Wenzake wanampigia kelele, "Ruki, rudi nyuma! Rudi nyuma!" Naye akasimama. Katikati ya uwanja, mpira unaendelea, akasimama, akainua mkono juu.

Akatoka. Alitembea mpaka mstarini, na nyuma yake wale wengine wakapita mahali alipokuwa anapaswa kusimama, wakafunga. Nahodha wao akamwambia neno ambalo sitaliandika. Ruqayya akaja mpaka kwangu. Nilikuwa nimekumbuka maneno yako, nikahangaika na uso wangu, sijui uliishia kuonekana vipi. Akasema, "Ma, naona vitu viwiliviwili."

Salim akamwinua kama mtoto mchanga, miaka kumi na sita na urefu ule. Ametufikisha hapa, sasa ameenda kutafuta mahali pa kuliacha gari. Tumempigia dada yangu. Mtoto ameketi kando yangu, macho amefumba, kichwa hakitikisi. Anaongea vizuri. Ananijua. Ameniuliza nani ameshinda, nikamwambia anajua nani ameshinda.

Sijui nimshukuru Mungu kwa kuwa alisema, au nilie kwa kuwa kulikuwa na la kusema. Huenda ni kichwa cha kupumzishwa wiki chache. Huenda leo ndiyo mwisho wa raga, na kesho nitaanza kusubiri simu kutoka shuleni. Huenda nilikosea kutia sahihi. Usinijibu hilo, tafadhali.

Nimemuuliza sasa hivi, taratibu, "Ulijua mtafungwa ukitoka?"

"Nilijua."

"Ulitaka kutoka?"

Hakufumbua macho. Machozi yakamtoka chini ya kope, moja upande huu, moja upande ule. "Nilitaka kubaki, Ma," akasema. "Nilitaka sana."

Nesi ameita jina lake. Twaingia.

Habiba